Shajara ya Mradi: Kuihamisha Migunga kutoka Jenasi ya Acacia

Februari, wiki ya kwanza

Kazi tuliyokubaliana ni kupitia upya sampuli zote za mimea mikavu zilizomo katika makabati yaliyoandikwa Acacia, pamoja na majalada machache ya jenasi nyingine (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ambazo spishi zake zimehama katika miongo ya karibuni, kisha kuiweka kila sampuli mahali pake kwa mujibu wa uainishaji unaokubalika sasa. Hebariamu yetu, yaani hifadhi ya mimea mikavu, hapa Dar es Salaam ina sampuli nyingi kutoka Pwani, Tanga na bara kavu, nazo zimepangwa kwa kufuata ile flora kubwa ya Afrika Mashariki, yaani vitabu vya kuitambulisha mimea ya eneo hilo, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Sehemu yake inayohusu migunga iliandikwa na J.P.M. Brenan mwaka 1959, na kwake yeye migunga yote ilikuwa jenasi moja tu, Acacia. Sisi leo tunahitaji majalada ya jenasi nne: Vachellia, Senegalia, Faidherbia, na Acacia yenyewe iliyobaki.

Sababu ya mgawanyo huu imo katika ukoo wa mimea yenyewe. Uchunguzi wa DNA ulionesha kwamba Acacia ya zamani haikuwa kundi lenye mzazi mmoja pamoja na uzao wake wote. Migunga ya Australia iko karibu zaidi na kundi la akina Albizia, ambalo watu wa pwani wanalijua kwa mkenge, kuliko ilivyo karibu na mgunga wa miiba mirefu myeupe wa kwetu. Kwa hiyo mtu anayetaka kuiacha Acacia iwe moja hana budi kuwaingiza humo akina Albizia, na mimea mingi ya Amerika ya kitropiki vilevile, mpaka jina hilo libebe karibu kila kitu na lisimsaidie mtu kutambua chochote.

Katika kikao cha kwanza lilitolewa pendekezo kwamba tuchapishe orodha ya majina ya zamani na mapya, kisha tubadilishe lebo kwa kufuata orodha hiyo mstari kwa mstari. Nililipinga, na bado nalipinga. Orodha hugeuza jina lililoandikwa kwenye karatasi, lakini haiwezi kujua kama tawi lililobandikwa kwenye karatasi hiyo ndilo lenye jina hilo. Ikiwa mkusanyaji wa miaka ya sitini aliuita mgunga mmoja kwa jina la mwingine, orodha itauhamisha utambuzi usio sahihi kutoka kabati moja hadi jingine na kuupa sura ya jambo lililohakikiwa. Tumekubaliana kwamba hakuna karatasi itakayohama kabla haijafunguliwa na kutazamwa kwa lenzi, na kwamba kikaratasi kipya cha utambuzi kitabandikwa juu ya kile cha zamani bila ya kukifunika wala kukibandua.

Machi, mwanzoni

Siku hizi tumezitumia kuhakiki majina kabla ya kugusa sampuli. Sisi hatuchapishi jina lolote jipya, kwa kuwa karibu michanganyiko yote (majina yanayounganisha jenasi mpya na neno la spishi) tunayoihitaji imekwisha kuchapishwa, mingine mwaka 2008 na mwaka 2009, na fungu kubwa la spishi za Afrika mwaka 2013. Hata hivyo, anayeandika lebo anapaswa kujua jina limeundwaje, la sivyo ataandika waandishi wasiohusika au mwisho wa neno usiopatana na jenasi.

Kanuni ya kimataifa ya majina ya mimea inaanzia tarehe 1 Mei 1753. Spishi inapohama jenasi, neno lake la pili huhama nayo, na mwandishi aliyeliunda kwanza hutiwa kwenye mabano, akafuatiwa na yule aliyeihamisha. Tangu tarehe 1 Januari 1953 uhamisho hauhesabiki kuwa halali mpaka mchapishaji ataje waziwazi jina la msingi, yaani basionimu, pamoja na mwandishi wake, ukurasa na mwaka.

Mfano uliotufaa zaidi ni mgunga wa pwani wenye nundu zinazokaliwa na sisimizi, ambao umeenea mno katika udongo mweusi wa Saadani, hasa eneo la Mkwaja lililokuwa ranchi ya ng'ombe. Lebo zetu nyingi zinauita Acacia zanzibarica (S.Moore) Taub. Mwanafunzi wetu wa uzamili alidhani kwamba jina jipya litamweka Taubert kwenye mabano, kwa kuwa ndiye aliyeandika Acacia zanzibarica. La hasha. S. Moore ndiye aliyeuelezea mmea huu kwa mara ya kwanza, naye aliuweka katika jenasi ya Pithecellobium kwa jina la zanzibaricum. Taubert aliuhamishia Acacia. Kyalangalilwa na Boatwright wakauhamishia Vachellia. Mabano ni ya Moore katika hatua zote mbili za mwisho, na Taubert anaachwa nje kabisa ya jina la sasa: Vachellia zanzibarica (S.Moore) Kyal. & Boatwr. Kwa mtazamo wangu hili si dharau kwa Taubert, kwa sababu kinachotafutwa katika mabano ni njia ya kurudi kwenye maelezo ya kwanza, na njia hiyo haipiti kwake.

Jambo jingine lililoibuka ni Senegalia senegal, mgunga utoao ulimbo wa biashara unaoitwa gamu arabiki. Wataalamu wa wanyama wanaruhusiwa kulirudia jina la jenasi katika spishi, ndiyo maana sokwe mkubwa akaitwa Gorilla gorilla, lakini wataalamu wa mimea wamekatazwa. Jina hili limenusurika kwa herufi mbili tu. Linnaeus aliuita mti huo Mimosa senegal mwaka 1753, Willdenow akaufanya Acacia, na Britton akaupeleka Senegalia.

Machi, mwishoni

Masika yameanza na kasi imepungua. Unyevu wa Dar es Salaam haufai kwa makabati yaliyo wazi, hivyo tunafungua jalada moja kwa wakati mmoja, na kila fungu linalotoka nje ya chumba hukaa kwanza kwenye friza kabla ya kurudishwa, ili wadudu wasiingie nalo. Umeme ulikatika mara kadhaa. Hakuna sampuli iliyoota ukungu.

Aprili

Huu ndio mwezi wenye kazi yenyewe, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Kanuni ya haraka inayofundishwa darasani ni ya alama mbili. Vachellia ina miiba iliyonyooka, iliyokaa miwilimiwili kwenye kifundo, yaani pale jani linapoota, na maua yake ni matufe. Senegalia ina miiba iliyopinda kama kulabu, na maua yake ni mashuke marefu. Kanuni hii inatosha kwa sampuli nyingi: mgunga wa gome la manjano, Vachellia xanthophloea, unaingia upande wa kwanza bila ya mjadala, na Senegalia polyacantha unaingia upande wa pili kwa urahisi uleule. Tatizo ni kwamba sampuli zinazobaki ndizo hasa zilizotufanya tukatae orodha.

Tulianza na mgunga wa nyanda kavu, Vachellia tortilis, wenye kilele kilicholala kama mwavuli. Mti huu hubeba miiba ya aina zote mbili, mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda, mara nyingi kwenye tawi lilelile. Mkusanyaji aliyekata kitawi kifupi chenye kulabu pekee ametuachia karatasi ambayo kwa kanuni ya darasani inakwenda Senegalia. Kinachoamua hapa ni mahali ulipoota mwiba kuliko umbo lake. Miiba ya Vachellia ni stipuli, yaani vijani viwili vidogo vya chini ya jani, zilizogeuka kuwa miiba, kwa hiyo imekaa kulia na kushoto kwa jani, pale pale kwenye kifundo. Miiba ya Senegalia huchipuka kwenye ngozi ya tawi, na stipuli zake halisi ni vijani laini vinavyodondoka mapema. Ukiutazama kwa lenzi mgunga wa Senegalia mellifera utaona kwamba jozi ya kulabu zake iko chini kidogo ya kifundo, ilhali kulabu za tortilis ziko kwenye kifundo chenyewe.

Senegalia mellifera nayo ina vurugu zake upande wa maua, kwa kuwa mashuke yake ni mafupi hata yanakaribia umbo la tufe. Iliyotusumbua zaidi, hata hivyo, ni Senegalia brevispica, kichaka kinachopandia na kushika nguo za wapitao. Maua yake ni matufe kamili, yamepangwa kwenye tawi lenye matawi mengine. Mtu anayefuata tufe peke yake atakipeleka Vachellia bila ya kusita. Lakini miiba yake midogo imetawanyika ovyo kwenye tawi lote, katikati ya vifundo, jambo ambalo stipuli haziwezi kulifanya. Tukathibitisha kwa alama ya tatu: kikonyo cha tufe la Vachellia huwa na mzingo mdogo wa vijani uliokizunguka, na kikonyo cha brevispica hakina.

Kinyume chake ni Vachellia bussei, yenye maua ya mashuke na miiba ya stipuli. Hapa ua linavuta upande mmoja na mwiba unavuta upande mwingine, na tumefuata mwiba.

Mzee wetu wa maabara, ambaye amebandika sampuli kabla baadhi yetu hatujazaliwa, alikuja kutazama tulipokuwa tunabishana juu ya karatasi moja kutoka kingo za Ruaha Mkuu.

“Shikamoo, Mzee. Huu tunauona kama Vachellia, lakini maua ni mashuke.”

“Marahaba, wanangu. Mmesoma tarehe ya lebo? Huyu alikatwa wakati wa mvua, na hana jani.”

Lebo ilikuwa ya Februari, na mkusanyaji alikuwa ameandika kwa mkono kwamba mti ulikuwa mtupu. Mti unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa wakati wa kiangazi ni Faidherbia albida, ambao zamani uliitwa Acacia albida. Una miiba iliyonyooka ya stipuli kama Vachellia na mashuke kama Senegalia, lakini hauna mzingo wa vijani kwenye kikonyo cha maua, hauna tezi kwenye kikonyo cha jani, na nyuzi za stameni zake (viungo vya kiume vya ua) zimeungana kidogo chini. Ganda lake la rangi ya machungwa lililojikunja lilikuwamo ndani ya bahasha iliyobandikwa pembeni, na hakuna aliyekuwa ameifungua. Auguste Chevalier aliupa mti huu jenasi yake mwaka 1934, yaani muda mrefu kabla ya DNA, na uchunguzi wa sasa haujamkanusha.

Tangu siku hiyo tumeweka utaratibu kwamba lebo ya mkusanyaji isomwe yote na bahasha ifunguliwe kabla ya lenzi kushikwa.

Mei

Jalada la Acacia halikubaki tupu, na yaliyobaki ndani yake ni mageni. Ni Acacia auriculiformis, inayopandwa kwa kivuli na kuni, Acacia mangium, na Acacia mearnsii, yaani miwati ya nyanda za juu iliyoletwa kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi. Yote ni ya asili ya Australia na hayana miiba.

Wageni waliotembelea hebariamu mwezi huu waliuliza kwa nini jina limekwenda kwa waliotoka mbali. Kwa kanuni ya kawaida jina la jenasi hushikamana na spishi yake kiolezo, yaani ile iliyowekwa kuwa kielelezo cha jina hilo, na kiolezo cha Acacia kilikuwa mgunga wa Afrika na Asia, ule unaoitwa sasa Vachellia nilotica. Lakini kundi la Australia lina spishi zaidi ya 1,000, na Vachellia ina spishi takriban 160, hivyo lilitolewa pendekezo la kubadili kiolezo ili majina machache zaidi yabadilike. Kwenye mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea huko Vienna mwaka 2005 asilimia 54.9 ya kura zililipinga, lakini ilihitajika asilimia 60 kuutengua uamuzi wa kamati iliyokuwa imelikubali, na pendekezo likapita. Mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ukaliacha lilivyo.

Nayaona mantiki yake ya hesabu. Hata hivyo, sioni kuwa ni haki kwamba wingi wa kura haukutosha, na gharama ya kuandika upya lebo, vitabu vya shule na orodha za misitu imeangukia zaidi nchi ambazo hazina fedha za kufanya hivyo. Ninayaandika haya kama maoni yangu binafsi. Kwenye lebo tunafuata kanuni, kwa sababu hebariamu inayoshika jina lake peke yake haiwezi kuazimana sampuli na wenzake.

Juni

Tumefika kwenye ua dogo la zambarau la Usambara, linalouzwa kwenye vyungu duniani kote. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani mkoani Tanga, alilipeleka Ujerumani, na Hermann Wendland akalielezea mwaka 1893 kama Saintpaulia ionantha. Tangu hapo likawa fahari ya Tanga, na spishi zikaongezwa moja baada ya moja, nyingine zikitofautiana kwa urefu wa vinyweleo vya jani tu, mpaka flora ya Afrika Mashariki ilipozipunguza kuwa spishi sita mwaka 2006.

Hapa mwendo ni kinyume cha ule wa migunga, kwa sababu jenasi mbili zinaunganishwa kuwa moja. Mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk walionesha kwa DNA kwamba Saintpaulia imechipuka ndani ya Streptocarpus, katika kundi la mimea yenye shina na majani kadhaa. Idadi ya kromosomu ilikuwa imeashiria hivyo tangu mapema, kwa kuwa kundi hilo na Saintpaulia hujengwa juu ya 15, ilhali Streptocarpus nyingine hujengwa juu ya 16. Mwaka 2015 muungano ulichapishwa rasmi, na Saintpaulia ikawa seksheni, yaani kundi dogo, ndani ya Streptocarpus. Jina lililobaki ni Streptocarpus kwa kuwa ni la mwaka 1828, nalo linaitangulia Saintpaulia kwa miongo mingi.

Mwanafunzi alitoa hoja nzuri. Tunda la Streptocarpus limesokotwa, na ndilo lililoipa jenasi jina, lakini la Saintpaulia halijasokotwa. Ua la kwanza ni mrija na la pili ni bapa. Je, tofauti mbili zinazoonekana kwa macho hazitoshi kuitunza jenasi? Nilimjibu kwamba tofauti hizo ni za kweli, na hakuna anayezikana, lakini ni tofauti za tawi moja lililobadilika kuliko ndugu zake. Kulitenga tawi hilo kungeiacha Streptocarpus ikiwa na pengo katikati, na kungelazimu kuigawa katika jenasi kadhaa ambazo mtu wa shambani hawezi kuzitenganisha. Hakuridhika kabisa. Sikumlazimisha, kwa sababu mipaka ya jenasi ina sehemu ya hiari ndani yake, na ni vizuri aijue mapema.

Kazi ya lebo hapa ni ya sarufi ya Kilatini zaidi. Acacia, Vachellia na Senegalia zote ni za kike, kwa hiyo miisho haikubadilika. Streptocarpus ni ya kiume: ionantha inakuwa ionanthus, inconspicua inakuwa inconspicuus, na nususpishi velutina inakuwa velutinus. Zinazoishia na -ensis, kama shumensis na teitensis, zinabaki zilivyo. Programu iliyotumiwa kujaza kanzidata ilihamisha jenasi na kuiacha miisho, hivyo tumeirekebisha kwa mkono.

Nimesisitiza kwamba jina la Saintpaulia libaki kwenye kanzidata kama sinonimu, yaani jina la zamani la mmea uleule, inayotafutika. Ua hili ni la misitu midogo inayopungua, na mtu wa uhifadhi akitafuta jina alilolizoea akapata sifuri, anaweza kudhani hatuna rekodi yoyote.

Julai

Jalada la mjohoro limechukua muda mfupi. Cassia siamea ya Lamarck ilipelekwa Senna na Irwin na Barneby mwaka 1982, walipoigawa Cassia ya zamani kuwa Cassia, Senna na Chamaecrista, na kila aliyekusanya baada ya hapo alikuwa amekwisha kuandika Senna siamea. Tumetazama stameni tu: Cassia ina nyuzi tatu ndefu zilizopinda, Senna haina. Kwa alama hiyo Cassia afrofistula ya pwani imebaki Cassia, pamoja na Cassia fistula ya bustanini.

Agosti

Sehemu iliyobaki ni ngumu kwa sababu mbili.

Kwanza, mimea mingi ya Tanzania ilielezewa Berlin wakati wa utawala wa Wajerumani, na sampuli violezo zilihifadhiwa huko. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 hebariamu ya Berlin iliungua kwa mabomu na sehemu kubwa ya mkusanyo ikateketea. Kwa hiyo tunapotaka kulinganisha sampuli yetu na ile iliyopewa jina kwanza, mara nyingi tunalazimika kutafuta nakala zilizotumwa hebariamu ya Kew huko Uingereza, au zile za hebariamu ya Amani katika Usambara zilizohamishiwa Nairobi. Tumetenga orodha ya majina ambayo nakala zake tutaziomba kwa picha, na tumekwisha kuandika barua.

Pili, yapo majalada ya matawi yasiyo na ua wala ganda, mengine yakiwa machipukizi ya mti uliokatwa, ambayo miiba yake haifanani na ya mti mzima. Mhifadhi alishauri tuyagawe kwa kukisia ili kabati lifungwe. Tulijadiliana kwa heshima, naye akakubali tuyaache pamoja chini ya maandishi “Acacia kwa maana pana”, kila karatasi ikiwa na kikaratasi kinachosema tawi halina ua na nani alilitazama. Zile zenye lebo ya mahali panapofikika, hasa Pugu na Saadani, zimepangwa kwa kufuata msimu wa maua, ili mtakaokwenda huko wakati wa vuli mkate tawi lenye ua kutoka kichaka kilekile au jirani yake. Nawaomba mchukue mikasi ya kupogolea yenye mpini mrefu, mwandike kwenye lebo kama mti ulikuwa na majani au la, na muweke ganda ndani ya bahasha hata likiwa limepasuka.